Hedi iliyochemka: valvu zisagwe, zipimwe, ndipo ufunge

Msimu wa korosho ukianza, hapa Mtwara naletewa hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) zilizochemka kwenye mlima wa kupanda Newala. Wenye magari wengi hudhani gasketi mpya inatosha. Haitoshi.

Injini ipoe kabisa ndipo ufungue, ukianzia bolti za nje kuja katikati. Valvu zipange kwa namba, kila moja irudi kwenye tundu lake. Safisha hedi, laza rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari, upitishe filagauji (bamba jembamba la kupimia mwanya) chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za petroli, filagauji ya 0.05 mm ikipita, hedi iende kuchongwa kwa mashine. Msasa wa mkono usikubali, nakuomba.

Sasa gaidi, bomba dogo linaloshika mguu wa valvu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Inua valvu kidogo uitikise: ikicheza sana, kusaga ni kazi bure, maana haitakaa katikati ya siti, yaani kikalio chake. Badilisha gaidi kwanza, siti ikatwe baadaye. Ukisaga, yaani ukisugua valvu kwenye siti yake, tumia dawa laini ya kusagia na mkono mwepesi hadi uone mkanda wa kijivu usiokatika, upana kama 1 hadi 1.5 mm. Dawa yote ioshwe. Punje zikibaki zinakula silinda.

Funga springi na sili mpya, rudisha plagi, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye chemba. Yakivuja upande wa moshi au wa hewa, valvu hiyo irudiwe. Bolti zikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje. Rejeta ijaze kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Maji ya kisima yenye chumvi yanakula aluminiamu.