Kanieneo ya mvuke: anza na mshiko, uzito baadaye

Dondosha tone la spiriti mgongoni mwa mkono, na la maji kando yake. La spiriti (ethanoli) litaipoza ngozi na kutoweka ukilitazama. La maji bado lipo. Lakini molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya ethanoli 46. Iliyo nyepesi ndiyo iliyobaki! Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wameanza na uzito badala ya mshiko, yaani jinsi molekuli zinavyoshikana.

Kanieneo ya mvuke ni msukumo wa mvuke uliofungiwa pamoja na kimiminika chake, pale molekuli zinazotoka zinapolingana na zinazorudi. Kulinganisha vimiminika viwili, fuata hivi:

1. Jotoridi liwe moja.

2. Tafuta haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, naitrojeni au florini. Ikiwepo, molekuli hushikana kwa bondi za haidrojeni, na kuchomoka ni kazi; kanieneo ya mvuke huwa ndogo, na kimiminika huchelewa kuchemka. Etha ya diethili na butanoli ya mnyororo mnyoofu zina atomu zilezile, C₄H₁₀O, uzito uleule wa 74. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, butanoli karibu 118. Kisa ni haidrojeni moja tu iliyokaa kwenye oksijeni. Ningepewa dakika tano za kufundisha mada hii, ningetoa mfano huu nikaondoka.

3. Hakuna? Angalia kama molekuli ina upande chanya na upande hasi, kama asetoni. Mshiko upo, ila hafifu zaidi.

4. Sasa ndiyo ukubwa, na hasa ndani ya ukoo mmoja: pentani (kaboni tano) hukauka upesi kuliko oktani (kaboni nane).

Kwenye nyuzi 20, maji yana kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 2.3, ethanoli 5.9, asetoni karibu 25, etha karibu 59.

Swali: Nikijaza chupa badala ya kuiweka nusu, kanieneo itapanda?
Jibu: Haipandi. Maadamu kimiminika hakijaisha, wingi wake hauna neno.

Swali: Ethanoli nayo ina bondi za haidrojeni. Mbona imeyapita maji?
Jibu: Zihesabu. Maji yana haidrojeni mbili kwenye oksijeni, na molekuli moja huweza kushikana na nne. Ethanoli inayo moja. Mkia wake wa kaboni hausaidii sana kushika.

Swali: Na gliserini?
Jibu: Inazo tatu. Iache wazi usiku kucha, na asubuhi huenda ukaikuta imeongezeka, maana hunyonya unyevu wa hewa.