Bidoni Moja ya Maji Salama: Kutibu Maji ya Ziwa Kivu Nyumbani, Goma

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano, ukingoni mwa ziwa ambalo wakazi wake wote hawawezi kulimaliza kwa kunywa, na hata hivyo mama wa nyumbani huamka kabla ya jogoo kutafuta bidoni, yaani dumu, moja ya lita 20. Pampu zinazopandisha maji kutoka ziwani hutegemea umeme, kwa hiyo vita vikikata nyaya, mabomba nayo hukauka. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa kundi la M23 walipouteka mji: kwa siku kadhaa umeme na maji vilikatika, na watu wakateremka ziwani na chombo chochote walichokuwa nacho. Maji ya ziwa huonekana maangavu, lakini vimelea vya kipindupindu, au kolera kama wengi wetu tunavyosema, havionekani kwa macho wala havina harufu. Waliokuwapo Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapa na kufa kwa maelfu kwa ugonjwa huo, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la kwanza ni kuamua ni maji kiasi gani yatibiwe, maana familia nyingi hushindwa kwa kutaka kutibu yote, zikamaliza makala (makaa ya kupikia) au dawa kwa siku tatu na kisha zikarudi kunywa maji mabichi. Mtu mmoja huhitaji takriban lita tatu kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu sita, basi, hutosheka na bidoni moja iliyotibiwa vizuri kila siku, nayo iwekewe alama, kwa mfano utambaa mwekundu shingoni, ili mtoto asiichanganye na bidoni za kufulia na kuogea. Vyombo vya kulia, matunda na mboga zinazoliwa bila kupikwa vioshwe kwa maji ya bidoni hiyo hiyo. Maji ya kufulia na ya kudekia si lazima yatibiwe.

Bidoni yenyewe isafishwe kabla ya kwenda kuteka, kwa kuwa ule utelezi wa kijani unaojijenga ndani yake hula dawa yote kabla haijafika kwenye maji. Mkono hauingii shingoni, lakini mji huu haukosi changarawe: tia konzi mbili za changarawe nyeusi zilizooshwa, maji kidogo na sabuni, funga kifuniko, kisha uitikise kwa nguvu huku ukiigeuza juu chini hadi maji yanayotoka yasiwe na rangi. Suuza mara mbili. Kifuniko kisicho na mpira wake, au kile cha mfuko wa plastiki uliosokotwa ambao tumeuzoea mno, kitafutiwe mbadala, kwa maana safari ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, kutoka ziwani hadi kilimani ina vumbi la kutosha na mikono mingi.

Ziwani, teka alfajiri kabla ya wafuaji na waogaji kuchafua ufuo, mbali na mahali mtaro wa mvua unapomwagikia. Watu wa mashirika ya misaada wakiwa wamesimama ufuoni wakitia klorini kwa bomba la sindano kwenye kila bidoni, simama kwenye foleni yao hata kama ni ndefu, kwa sababu hiyo ni dawa ya bure iliyopimwa. Wao wakiwa wamekutilia, usiongeze nyingine nyumbani.

Kama hawapo, tumia vidonge vya klorini au javeli, yaani maji ya klorini ya kung'arishia nguo. Vidonge huja katika nguvu tofauti. Kimoja hutosha lita 20 na kingine hutosha lita chache tu, na kwa jicho haviachani sana, hivyo soma pakiti au umwombe muuza dawa akusomee. Kwa upande wa javeli, kubali tu ile isiyo na manukato wala rangi, ambayo kibandiko chake kinataja nguvu ya klorini. Ikiwa ni asilimia 5 hadi 6, kipimo ni matone mawili kwa kila lita ya maji maangavu, yaani matone 40, au mililita 2, kwa bidoni nzima; bomba la sindano lililotolewa sindano yake hupima vizuri kuliko jicho. Ikiwa ni nusu ya nguvu hiyo, kipimo kiwe mara mbili. Javeli ya kumiminwa sokoni kwenye chupa ya soda, isiyo na kibandiko, tumia kwa kusafishia choo tu, kwa sababu hujui muuzaji ameiongeza maji mara ngapi. Hata ile nzuri hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, kwa hiyo ikae mahali penye giza, palipo juu kuliko mikono ya watoto.

Baada ya kutia, tikisa na usubiri nusu saa kamili. Kisha fungua na unuse: harufu hafifu ya klorini ni dalili kwamba dawa imemaliza kazi na nyingine imebaki kulinda maji. Ukikosa harufu, rudia kipimo kile kile, usubiri robo saa nyingine. Wapo wanaolalamikia ladha. Kumimina maji kutoka jagi moja hadi jingine mara kadhaa wakati wa kunywa huipunguza.

Mvua ikinyesha, maji huja na matope, na klorini haifanyi kazi vizuri ndani ya matope. Yaache yatulie kwa saa kadhaa, yamimine polepole ukiacha mashapo chini, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, na ndipo utie dawa kwa kipimo cha mara mbili. Kuchuja peke yake hakutoshi, hata kama kitambaa ni kizito kiasi gani.

Kuchemsha ni njia ya hakika, lakini barabara zinapofungwa gunia la makala hupanda bei hadi familia ichague kati ya maji na maharage. Kosa lililoenea ni kuacha sufuria ichemke robo saa nzima juu ya mbabula, yaani jiko la makala. Maji yakishatoa mapovu makubwa yanayopasuka juu, dakika moja inatosha kwa mwinuko wa Goma, ambao ni kama mita 1,500. Walio juu ya mita 2,000 wangoje dakika tatu. Funika sufuria tangu mwanzo, na uchemshe wakati moto bado upo baada ya chakula badala ya kuwasha mwingine. Kumbuka kwamba maji yaliyochemshwa hayana mlinzi ndani yake kama yale ya klorini, kwa hiyo mkono mchafu mmoja huyaharibu. Kwa maoni yangu, makala yawekewe maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa, na mengine yatibiwe kwa klorini.

Asiye na makala wala dawa bado ana jua. Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili na zisizo na mikwaruzo, hujazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo anga likiwa na mawingu. Siku za mvua ya kutwa usizitegemee.

Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati huokoa safari nyingi, ila mvua iliyopita ndani ya moshi wa volkano za Nyiragongo au Nyamulagira huteremka na tindikali na floridi, vitu ambavyo kuchemsha hakuviondoi wala klorini haiviondoi. Mwaga maji ya mwanzo wa mvua yanayoosha bati, na siku ambazo moshi umelala juu ya mtaa, kinga ya kufulia tu.

Ndani ya nyumba, maji yaliyotibiwa hupotea kwa kikombe. Mtu akichovya kikombe ndani ya ndoo, vidole vyake vimeingia pamoja nacho. Mimina kutoka kwenye bidoni, au tumia ndoo yenye kifuniko na bomba chini, na uweke sabuni, au majivu pasipo na sabuni, kando ya choo. Hili lina uzito zaidi katika mitaa ambako mawe ya volkano hayachimbiki, na vyoo huwa vifupi na hujaa upesi.

Ikitokea mtu anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, usingoje asubuhi. Kolera huweza kuua mtu mzima kwa saa chache. Mpeleke kituo cha matibabu huku mkimnywesha njiani. Kama hakuna pakiti za dukani za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS), chukua lita moja ya maji yaliyotibiwa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, ukoroge hadi viyeyuke. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kidogo kidogo bila kukoma, na akitapika ungoje dakika kumi kisha uendelee polepole zaidi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine.