"Remember": ulifanya, au hukusahau kufanya?

Nilipoanza kazi ya kutafsiri, niliulizwa kama hati fulani zimeshatumwa. Nikajibu, "I remember to send them." Kichwani mwangu ilikuwa "nakumbuka kuzituma". Aliyelipokea jibu langu akaelewa kwamba mimi huwa sisahau kuzituma, akauliza tena: kwa hiyo zimetumwa, au bado? Nilipaswa kuandika "I remember sending them."

Kosa lilitoka kwenye Kiswahili changu. "Kutuma" yetu hubeba maana zote mbili na hakuna anayepotea, kwa sababu mazungumzo yenyewe yanafafanua. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague kati ya "-ing" na "to", na ukikosea umesema jambo jingine kabisa.

Basi kabla hujaandika, iseme sentensi yako kwa Kiswahili, lakini ukwepe "nakumbuka ku-". Ikiwa inakubali "nakumbuka nili-", tumia "-ing": nakumbuka nilifunga mlango, "I remember locking the door." Tendo lilitangulia, sasa unaliona tena akilini, pengine hata ufunguo mkononi. Ikiwa inakubali "sikusahau", tumia "to": sikusahau kufunga mlango, "I remembered to lock the door." Hapo kumbukumbu ilitangulia, ndipo mkono ukafuata. Ndiyo maana agizo la "usisahau kufunga" huwa "remember to lock", maana tendo bado liko mbele. Kipimo hiki nakiamini kuliko kanuni yoyote niliyokariri, kwa kuwa kinatumia lugha ambayo sikio langu halidanganyiki nayo.

Kukumbusha ni kitenzi kingine, "remind". Sisi tunabadili mwisho tu, kumbuka ikawa kumbusha, kwa hiyo wengi hubaki na "remember" na kusema "remember me to call". Sema "remind me to call". Na mtu akikukumbusha dada yako, usiiache "of": "You remind me of my sister."

Ila "remember me to your mother" ni sahihi, ingawa ni ya kizamani kidogo. Maana yake ni nisalimie mama yako.

Jambo la mwisho ni "-na-" yetu. "Ninakumbuka jina lake" ni "I remember her name", wala si "I am remembering".