SOMO: Kufuga Marans wa kiwango hapa Mwanza (soma lote kabla hujauliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara 11 swali lile lile: "Mama, Marans wako wanataga mayai ya rangi ya chokoleti, wangu mbona yanatoka kama ya kuku wa kisasa?" Nimelijibu kwa simu, nimelijibu gulioni Kisesa, nimelijibu nikiwa kwenye daladala. Leo naandika yote mahali pamoja. Ukiuliza lililoandikwa humu nitakurudisha juu ukasome.

Tuelewane kwanza ni kuku gani. Marans ni mji mdogo wa bandari magharibi mwa Ufaransa, karibu na La Rochelle. Mabaharia walishuka pale na majogoo wa kupigana, wakachanganyika na kuku wa wenyeji. Baadaye akaingizwa kuku wa aina ya Langshan, na yai likazidi kukolea. Kiwango cha kwanza, yaani maandishi ya jinsi Marans anavyotakiwa kuwa, kiliandikwa mwaka 1931. Wafaransa wanataka manyoya machache miguuni, Waingereza wanataka mguu mtupu. Mimi nafuata Wafaransa, na nafuga rangi moja tu, nyeusi yenye shaba. Nawe amua unafuata kipi kabla hujanunua hata kifaranga kimoja.

Hatua ya 1: Mbegu. Nunua kwa mtu atakayekuonyesha wazazi na mayai yao kwa macho, siyo picha ya simu. Mayai ya kutotolesha yanayovuka mpaka yanahitaji kibali cha mifugo, kwa hiyo usiyapitishe Sirari ndani ya begi la nguo.

Hatua ya 2: Banda. Kavu, lenye hewa, na jogoo wa jirani asiweze kuruka ndani. Akiruka, hesabu wiki 3 tangu umtoe ndipo ukusanye mayai ya kutotolesha, maana mtetea hutunza mbegu ya jogoo mwilini kwa siku nyingi.

Hatua ya 3: Chanjo. Mdondo, gumboro, ndui. Huku ziwani mbu ni wengi na ndui husambazwa na mbu. Kuku akipona anabaki na makovu kwenye upanga wa kichwani, na upanga wenye makovu hauendi maonyesho.

Hatua ya 4: Jogoo. Hapa niliharibu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwaka 2021 nilikuwa na pora (majogoo wachanga) wawili. Wa kwanza alikuwa mzuri hadi wageni walikuwa wanasimama kumwangalia: shaba ya shingoni inang'aa, upanga una meno 6 yaliyosimama sawasawa, manyoya ya mguuni yanaishia kidole cha nje kama inavyotakiwa, kilo 3.7. Wa pili alikuwa mdogo kidogo na shaba ilimshukia kifuani kupita kiasi. Lakini wa pili nilimjua mama yake, mtetea aliyekuwa akitaga yai la ngazi ya 7 kwenye kadi ya rangi, ambayo 9 ndiyo iliyokolea zaidi. Wa kwanza mama yake sikumjua, kwa sababu mayai yalitotoleshwa pamoja na vifaranga sikuwavalisha pete. Nikamchagua mzuri. Yule wa pili nikamuuza akaliwa Krismasi.

Nililea matembe 34 (mitetea wachanga), binti zake, kwa miezi 7, chakula cha kununua, mkopo wa kikundi juu yake. Walipoanza kutaga, mayai yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kadi ya rangi ya Marans ina ngazi 1 hadi 9, na yai lililo chini ya 4 halihesabiwi kuwa la Marans. Kati ya matembe 34, waliofika ngazi ya 4 walikuwa watano tu. Niliuza wengine wote kama kuku wa kitoweo, na mwaka ule sikupeleka kitu maonyesho.

Jogoo hatagi, lakini nusu ya rangi ya yai la binti zake anaileta yeye. Huwezi kuiona kwenye manyoya yake. Unaiona kwenye yai alilotoka, na kwenye mayai ya dada zake. Kwa hiyo:

Kila mtetea wa mbegu awe na pete yenye namba, na kiota chenye mlango unaojifunga akiingia, ili ujue yai hili ni la nani. Andika namba ya mama juu ya yai kwa penseli. Siku ya 18 tenga mayai ya kila mama kwenye kikapu chake ndani ya mashine, vifaranga wakianguliwa wavalishe pete siku hiyohiyo. Ukisema utawavalisha kesho umeshawachanganya.

Usimpime mtetea kwa mayai yake ya mwanzo. Ya mwanzo hukolea, kisha rangi hupungua kadiri anavyoendelea kutaga, hurudi baada ya kunyonyoka manyoya na kupumzika. Mimi nampa alama mwezi wa 3 wa kutaga. Akishika ngazi ya 5 wakati huo ni mtetea wa kweli.

Tena, usimwongezee Kuchi "ili apate umbo". Kuchi ni kuku wetu wa heshima, abaki Kuchi. Ukiwachanganya utatumia miaka kurudisha rangi ya yai.

Hatua ya 5: Mwili. Chagua wakiwa na miezi 5, chagua tena wakiwa na 7. Jogoo kilo 3.5 hadi 4, mtetea kilo 2.6 hadi 3.2. Jicho la rangi ya chungwa, sikio jekundu lisilo na weupe, upanga mmoja usiolalia kisogo. Mguu wa njano: toa, hata kama mengine yote yako sawa. Manyoya kwenye kidole cha kati ni kasoro. Mkia uliosimama kama wa kindi ni kasoro. Shingo ya jogoo iwe shaba, isiwe njano ya majani makavu wala nyekundu iliyoiva hadi kuwa kahawia. Kifua kiwe cheusi, vidoa vichache vya shaba vinavumiliwa.

Hatua ya 6: Kutotolesha. Nyuzi 37.5, siku 21, kama kuku wengine. Maji yawe kidogo.

Hatua ya 7: Maonyesho. Hesabu kurudi nyuma kutoka Nane Nane. Weka mayai mashineni mwanzoni mwa Desemba, ili Agosti uwe na pora wa miezi 7 waliojaa. Vifaranga hao watakua katika mvua za masika, na kuku mwenye manyoya miguuni akikanyaga tope manyoya yanakatika. Banda liwe na maranda makavu, badilisha mara kwa mara. Wiki 2 kabla, mzoeshe kukaa kizimbani na kushikwa. Siku 3 kabla, mwogeshe maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza vizuri, mkaushe juani. Kwenye banda letu la maonyesho Nyamhongolo huwa nabandika kadi ya rangi ukutani, na chini yake trei ya mayai yenye namba za mama. Wageni husimama kwenye ile trei kuliko kwa jogoo.

MASWALI

Kijana wa Nyakato: Shikamoo mama. Jogoo wangu mzuri sana, shaba kali. Mayai ya watoto yatakolea?

Jibu: Marahaba. Hatua ya 4.

Kijana wa Nyakato: Lakini ni mzuri kweli mama, nikutumie picha?

Jibu: Picha ya jogoo hainiambii kitu. Nitumie picha ya yai la mama yake.

Mfugaji Buswelu: Trei bei gani?

Jibu: Hapa ni darasani. Siuzi.

Bosi Kuku: Mimi nimesoma kwamba Marans halisi hana manyoya miguuni. Unapotosha watu.

Jibu: Nimeandika juu kabisa kwamba Waingereza wanataka mguu mtupu na Wafaransa wanataka manyoya. Wamarekani nao walipoipokea nyeusi yenye shaba mwaka 2011 walifuata manyoya. Hakuna niliyempotosha. Kama wewe unafuata Waingereza, fuga mguu mtupu na umwambie mnunuzi wako hivyo.

Mama Tembe, Magu: Mama wabeja sana kwa somo. Mitetea wangu wana mayai mazuri, ngazi ya 5 na 6, lakini wamekuwa weusi kabisa, shingoni hakuna shaba. Niwatoe?

Jibu: Usiwatoe, mayai hayo ni hazina. Watafutie jogoo ambaye shaba imemzidi kidogo, hata akiwa na madoa mengi kifuani, mradi ametoka kwenye yai zuri. Wale weusi mno na huyu mwekundu mno wanasaidiana. Kati ya watoto wao utapata waliokaa katikati, hao ndio uendelee nao. Usimpandishe mweusi mno na mweusi mno, utaipoteza shaba. Na usimwite jogoo wa Marans wa rangi ya ngano kuja kurekebisha: rangi ile ni ukoo mwingine na itakuvurugia manyoya ya weusi wako. Ndiyo maana yule pora wangu wa pili bado ananiuma. Huyo ndiye ungemhitaji wewe.

Mama Tembe, Magu: Nimeelewa. Kwa hiyo kasoro ya jogoo inaweza kuwa dawa?

Jibu: Kasoro ya rangi ndiyo. Kasoro ya mguu wa njano au mkia, hapana.

Fundi Igoma: Nikiwapandisha na wale wa mayai ya bluu?

Jibu: Utapata mayai ya kijani. Yanauzika, lakini huo si ufugaji wa Marans.

Mvuvi Kayenze: Mimi nawapa dagaa wa kutosha na mayai yananuka samaki. Ni ugonjwa?

Jibu: Ni dagaa. Punguza, changanya na soya. Na dagaa waliokaushwa mchangani uwachekeche kwanza, mchanga unakula nafasi ya chakula na wewe umeulipia kwa kilo.

Mzee Usagara: Niongezee hapo binti yangu. Huku kwetu mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana, lakini kuku wa mbegu asipewe. Mimi yalinibadilishia kiini kikawa na rangi ya ajabu, na mayai kutotoa kukapungua. Nikahamia ya alizeti, yakatulia.

Jibu: Shikamoo mzee. Asante, hilo nilipaswa kuliandika mwenyewe. Someni alichosema mzee.

Dada wa Nansio: Samahani, swali la hatua ya 6. Mashine yangu inatotoa kuku wa kienyeji vizuri, lakini Marans wanafia ndani siku ya 19 na 20, nikipasua nakuta maji. Nyuzi 37.5 sijawahi kukosea. Na kuyamulika siwezi, ganda jeusi halipitishi mwanga.

Jibu: Hili ni swali la mtu anayeangalia kuku wake. Ganda la yai lililokolea linapitisha unyevu polepole kuliko la kienyeji, na wewe uko kisiwani, hewa yako yenyewe ina maji. Kifaranga anakosa nafasi ya hewa juu ya yai, anapofika wakati wa kupumua anazama. Usibahatishe kwa macho, pima kwa mizani. Kufikia siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza kama asilimia 12 ya uzito, yaani yai la gramu 70 lipoteze karibu gramu 8 na nusu. Kuhusu kumulika, subiri siku ya 10, giza la usiku, tochi kali iliyobanwa upande mpana. Tafuta ukubwa wa nafasi ya hewa tu, mishipa hutaiona.

Dada wa Nansio: Nimepima sasa hivi. Mayai 12, yaliingia na wastani wa gramu 70, leo ni siku ya 7 na yamepoteza gramu 2 tu kila moja.

Jibu: Kwa siku ya 7 yalitakiwa yawe yamepoteza gramu 3 na kitu. Toa sahani ya maji yote, fungua matundu ya hewa, acha nyuzi zilivyo. Pima tena siku ya 10, tunatafuta karibu gramu 4.7 kwa jumla. Maji utayarudisha siku ya 18 ukiacha kugeuza. Niandikie hapahapa namba za siku ya 10, nitazisubiri.