Jinsi ya kukata bima ya magonjwa makubwa na kuidai ukiugua, hatua kwa hatua

Kaka yangu alipata shambulio la moyo. Alikuwa na bima ya afya, hospitali ikalipwa karibu yote, akarudi nyumbani. Wiki ya tatu akaniita chumbani akanambia, "Mdogo wangu, hospitali wameshalipwa. Mimi nani atanilipa?" Alikuwa anaongelea mshahara uliosimama, mkopo unaokatwa kila mwezi na ada za watoto. Ashukuriwe Mungu, miaka sita nyuma alikata bima ya magonjwa makubwa na mimi ndo nilizunguka na makaratasi mpaka ikalipa. Baada ya hapo nimewasaidia watu wengine wawili kuikata, na maswali wanayoniuliza ni yaleyale, so naandika yote hapa.

Hatua ya 1: Elewa unachonunua

Bima ya afya inamlipa aliyekutibu. Bima ya magonjwa makubwa inakulipa wewe, hela yote kwa mkupuo, ukithibitika una ugonjwa uliotajwa kwenye mkataba, na hakuna mtu anayekuuliza umeitumiaje. Lipa kodi, lipa deni, mlipe mtu wa kukuhudumia, ni yako. Ilianzia Afrika Kusini mwaka 1983, na aliyeipigania ni daktari wa upasuaji wa moyo, Marius Barnard, mdogo wake yule Christiaan Barnard aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967. Marius alikuwa anaona wagonjwa wake wanapona mwili huku maisha yao yanaporomoka kwa kukosa pesa. Bima ya kwanza ilikuwa na vitu vinne tu: shambulio la moyo, kiharusi, kansa na upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya ya moyo. Saivi unakuta orodha ya magonjwa 30, 40, ila bado hivyo vya mwanzo ndo vinabeba sehemu kubwa ya madai.

Kama huna bima ya afya kabisa, anza na hiyo kwanza. Hii haichukui nafasi yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiasi, wewe mwenyewe, kwa karatasi

Ajenti wengi watakwambia chukua mshahara wa mwaka zidisha mara tatu. Mi sikubaliani na hiyo njia hata kidogo kwa sababu mshahara sio matumizi, na watu wawili wenye mshahara mmoja wanaweza kuwa na mizigo tofauti kabisa.

Fanya hivi. Chukua matumizi ya nyumba kwa mwezi, tuseme ni 100. Zidisha na miezi ambayo unaweza kukaa bila kufanya kazi vizuri, mi naweka 18 kwa sababu kansa na kiharusi haviponi kwa miezi mitatu, inakuja 1,800. Toa kitakachoendelea kuingia, mfano mwenzako analeta 40 kwa mwezi, hiyo ni 720, inabaki 1,080. Ongeza madeni unayotaka kuyamaliza, tuseme 300, na nauli za kliniki, lishe na msaidizi, tuseme 200. Jumla 1,580. Toa akiba ya 180, unapata 1,400. Hicho ndo kiasi chako, yaani matumizi ya miezi 14.

Angalia tu usihesabu deni mara mbili. Kama rejesho la mkopo tayari limo ndani ya ile 100 ya mwezi, ama ulitoe humo ama usiongeze deni lote chini.

Ada ya bima ikikushinda, punguza kiasi. Bima ndogo unayoweza kuilipia miaka 15 ni bora kuliko kubwa itakayokatika mwaka wa pili.

Hatua ya 3: Ya kujitegemea au ya kupachikwa?

Kuna inayosimama yenyewe na kuna inayopachikwa juu ya bima ya maisha. Kwenye ya kupachikwa, mara nyingi ukilipwa ukiwa mgonjwa kile kiasi kinapungua kwenye hela ambayo familia ingepata ukifariki, wakati mwingine inabaki sifuri. Ndo maana ada yake ni ndogo. Kama una watoto wanaokutegemea napendelea ya kujitegemea. Uliza pia kama ada ni ileile mpaka mwisho au kampuni inaweza kuipandisha, na jibu ulione kwenye mkataba, usiishie kuambiwa kwa mdomo.

Hatua ya 4: Soma maana ya kila ugonjwa kabla hujasaini

Usihesabu magonjwa. Mkataba wa magonjwa 15 wenye maelezo mapana unaweza kukufaa kuliko wa magonjwa 50 wenye masharti magumu. Jina la ugonjwa halilipi, kinacholipa ni maelezo yaliyo chini ya jina. Omba mkataba wenyewe, kile kipeperushi cha rangi hakitoshi, alafu nenda kwenye ukurasa wa ufafanuzi uangalie hivi:

Kansa: mikataba mingi inataka iwe imeanza kuvamia tishu za jirani. Ile ambayo bado imekaa palepale ilipoanzia, ambayo vipimo vya mapema vinaikamata, mara nyingi hailipwi au inalipwa asilimia ndogo, na kansa nyingi za ngozi zimetolewa kabisa. Tafuta mkataba unaolipa sehemu kwa hatua za mwanzo.

Kiharusi: wanataka madhara yanayobaki kwenye mishipa ya fahamu. Kile kiharusi kidogo kinachoisha ndani ya siku hiyohiyo hakimo.

Figo: zote mbili ziwe zimefeli moja kwa moja, uwe unasafishwa damu au umepandikizwa.

Moyo: msuli wa moyo uwe umekufa sehemu. Maumivu ya kifua peke yake hayatoshi, na kuwekewa stenti (kijibomba cha kuzibua mshipa wa moyo) mara nyingi ni malipo ya sehemu tu. Hii ntairudia chini.

Alafu kuna vipindi viwili vya kuvijua. Kipindi cha kusubiri, mara nyingi siku 30 mpaka 90 tangu mkataba uanze, ukigundulika ndani yake hulipwi. Na kipindi cha kuwa hai baada ya ugonjwa kuthibitika, mara nyingi siku 14 mpaka 30. Mgonjwa akifariki kabla, bima ya kujitegemea hailipi. Inauma lakini ndo ilivyo, na familia nyingi wanakuja kuijua msibani.

Hatua ya 5: Fomu ya afya, sema kila kitu

Jaza kwa mkono wako. Ajenti akikwambia "hapo weka hapana tu, mambo yaende haraka," kataa, kwa sababu siku ya kudai yeye hayupo na sahihi ni yako. Presha uliyowahi kuambiwa mara moja, sigara uliyoacha miezi minane iliyopita, mama aliyeugua kansa ya matiti, andika vyote. Kampuni inaweza kukuongezea ada au kutoa ugonjwa fulani kwenye mkataba wako, na hilo ni afadhali mara mia kuliko kulipa ada miaka kumi alafu unakataliwa kwa kitu ulichoficha kwa sekunde moja. Wakati wa madai wanaomba faili lako la hospitali la nyuma, na mule ndani kila kitu kimeandikwa kwa tarehe.

Piga picha kila ukurasa ulioujaza kabla hujaikabidhi.

Hatua ya 6: Saini

Taja mnufaika. Weka ada ikatwe yenyewe. Mkataba ukifika usome ndani ya zile siku za mwanzo unazoruhusiwa kurudisha na kurudishiwa hela yako.

Hatua ya 7: Kudai

Hapa ndo nilikaa wiki saba ambazo zingeweza kuwa mbili, kwa hiyo soma taratibu.

Toa taarifa mapema hata kama huna karatasi moja mkononi. Mikataba mingi ina muda wa mwisho wa kutoa taarifa, na kutoa taarifa ni tofauti na kuleta vielelezo. Piga simu, alafu siku hiyohiyo tuma na barua pepe ili tarehe ibaki kwenye maandishi. Mi siamini simu peke yake kwenye jambo la pesa, mtu aliyekujibu leo kesho yuko likizo.

Sisi tulipeleka fomu, kitambulisho na karatasi ya ruhusa ya hospitali. Madai yakarudi: vielelezo havitoshi. Nilikasirika, nikaona wanamzungusha mgonjwa. Nikarudi kuisoma ile karatasi ya ruhusa neno kwa neno, nikakuta imeandikwa "maumivu makali ya kifua, ametibiwa, aendelee na dawa." Basi. Neno shambulio halimo. Daktari wa zamu aliandika kwa haraka kwa ajili ya daktari mwenzake, hakuwa anaandika kwa ajili ya mtu wa bima, na mtu wa bima hana ruhusa ya kukisia.

Nikaufungua mkataba ukurasa wa ufafanuzi, nikaandika sharti moja moja upande wa kushoto wa karatasi. Ulikuwa unataka vitu vitatu: dalili za kifua, mabadiliko mapya kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na troponini iliyopanda, hiyo ni protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia. Upande wa kulia nikaacha wazi. Nikaenda ofisi ya kumbukumbu za hospitali kuomba nakala ya faili zima. Mara ya kwanza nikaambiwa aje mgonjwa mwenyewe. Mara ya pili nikaja na barua yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho, nikaambiwa faili liko kliniki. Mara ya tatu nikalipata. Troponini zilikuwemo, zimepimwa mara mbili zinapanda. Kipimo cha umeme wa moyo cha usiku ule kilikuwemo. Ushahidi wote ulikuwepo tangu siku ya kwanza, umelala ndani ya faili.

Nikampelekea daktari bingwa ile karatasi yangu ya pande mbili nikamwambia, "Daktari, sikuombi uandike kisichokuwepo, naomba uandike kilichopo, kwa mpangilio huu." Akaandika barua ya ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, tarehe ulipothibitika, majibu ya vipimo na namba zake, sahihi na muhuri. Hiyo barua ndo iliyolipa.

So usisubiri kukataliwa. Ile karatasi ya pande mbili itengeneze kabla hujapeleka chochote. Kwa kansa upande wa kulia lazima kuwe na majibu ya maabara ya kipande cha nyama kilichochukuliwa mwilini, ripoti ya picha peke yake mara nyingi haitoshi. Kwa kiharusi weka picha ya ubongo pamoja na uchunguzi wa baadaye unaoonyesha madhara bado yapo, na mikataba mingine inataka muda fulani upite kabla ya uchunguzi huo kwa hiyo usiufanye mapema ukalazimika kurudia. Kwa figo, rekodi za kusafishwa damu zenye tarehe. Tarehe ya kuthibitika iwe moja kwenye karatasi zote, tofauti ya siku mbili tu inatosha kusimamisha faili.

Peleka nakala, asilia baki nazo, na kila karatasi wanayopokea wagonge muhuri kwenye nakala yako. Ada usiache kulipa wakati madai yanashughulikiwa, mpaka wakwambie kwa maandishi kwamba imesimama. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na kifungu walichotumia, alafu kata rufaa ndani ya kampuni, na ikishindikana nenda kwa mamlaka inayosimamia bima nchini kwako.

Hatua ya 8: Hela ikiingia

Kaka alitenga matumizi ya mwaka mzima kwenye akaunti ya pembeni kabla hajagusa deni lolote, kisha akamaliza mkopo wenye riba kubwa. Mpangilio huo naukubali. Ndugu walikuja na mawazo ya biashara, tukawaambia hela hii ina kazi yake.

Aliyeugua mara nyingi hawezi kudai mwenyewe, kwa hiyo leo jioni mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mkataba ulipo, mpe na namba yake pamoja na jina la kampuni. Mimi wa kaka niliupata chini ya godoro, baada ya siku nne za kutafuta.