Kuweka kuta za kioo ndani ya sampu uliyoitengeneza mwenyewe

Sampu yangu ya kwanza, yaani tangi la chini linalochuja maji ya tangi la samaki na kuyarudisha juu kwa pampu, ilifurika usiku, umeme ulipokatika. Gundi ilishika vizuri na hakuna kioo kilichopasuka. Kosa lilikuwa kwenye vipimo. Sampu ina kina cha sentimita 40, nami nilikata kuta za sentimita 32 kwa kutamani maji mengi. Pampu iliposimama, maji ya tangi la juu yalianza kurudi kupitia bomba la pampu, na mdomo wa bomba hilo ulikuwa sentimita 5 chini ya uso wa maji. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 45, kwa hiyo sentimita 5 ni lita 27. Sampu haikuwa na nafasi ya kuzipokea. Ndiyo maana nakusihi ushike kalamu na karatasi kabla hujamwendea fundi wa vioo.

Piga hesabu hiyo kwa tangi lako: urefu mara upana mara kina cha mdomo wa bomba, gawa kwa 1,000, upate lita. Ongeza maji yaliyomo kwenye mabomba. Kiasi hicho lazima kipate nafasi juu ya kuta. Mimi sasa natumia ukuta wa kwanza wa sentimita 22, na mdomo wa bomba nimeupandisha hadi karibu na uso wa maji. Kama una skima, kifaa cha kutoa uchafu kwa povu kinachokaa kabla ya ukuta wa kwanza, angalia pia kina cha maji inachotaka, kwa sababu ukuta wa kwanza ndio unaoamua kina hicho.

Kuta ni tatu. Maji yanapita juu ya ule wa kwanza, chini ya wa pili, kisha juu ya wa tatu, ndipo yafike kwenye pampu. Kazi ya kuta hizi ni kunasa viputo vya hewa visirudi tangini. Wa pili unauacha wazi kwa chini sentimita 3, na juu yake unapita uso wa maji, mimi naufikisha sentimita 27. Wa tatu naukata sentimita 21. Ukiwa mfupi sana kuliko wa kwanza, maji yatashuka kwa kishindo kati ya kuta hizo na kuzaa viputo vipya.

Nafasi kati ya ukuta na ukuta iwe sentimita 4. Wengi huweka 2 ili kuokoa nafasi, na hapo ndipo viputo vinapowashinda. Pampu ya lita 3,000 kwa saa, kwenye sampu yenye upana wa ndani wa sentimita 28.8, inasukuma maji karibu sentimita 7 kwa sekunde kwenye nafasi ya sentimita 4. Ukiibana iwe 2, mwendo unafika 14 na kuvikokota viputo hadi chini ya ukuta wa pili.

Vioo vya milimita 5 vinatosha kwa ukubwa huu. Usikate sawasawa na upana wa ndani: punguza milimita 2 kila upande, silikoni ipate pa kukaa. Kama sampu ina mstari wa silikoni ya zamani kwenye pembe za chini, mwambie fundi akate ncha mbili za chini za ukuta wa kwanza na wa tatu, milimita 5 hivi. Bila hivyo ukuta utakalia ule mstari na hautagusa sakafu. Kingo zote zipitishe kwenye msasa wa maji.

Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya ukungu, kwa maana dawa hiyo inaua samaki. Soma maandishi ya kopo mpaka uone imeruhusiwa kwa matangi ya samaki. Sehemu za kugundisha zikwangue kwa wembe, uzifute kwa spiriti, kisha usiziguse tena kwa kidole.

Chora mistari kwa nje, bandika tepu ya karatasi milimita 5 kutoka kila kiungo, halafu anza na ukuta wa kwanza. Paka silikoni mstari mmoja usiokatika, simamisha kioo, kihakikishe kwa skweya, kisha upitishe kidole mara moja tu kwenye kiungo. Ukirudia rudia, silikoni inavutika na kuacha matundu. Toa tepu papo hapo, kabla juu hakujashika ngozi.

Ukuta wa pili uweke juu ya vipande viwili vya mbao vya sentimita 3 vilivyozungushiwa tepu ili visigandane. Hapa mkono hauingii upande wa ndani, usihangaike: gundisha vizuri upande unaoufikia. Maji yako karibu usawa mmoja pande zake zote mbili, kwa hiyo haubebi mzigo mkubwa. Kwenye wa tatu, lainisha upande wa pampu kwa kidole, na ule wa ndani kwa mpini wa kijiko cha plastiki.

Acha siku tatu kamili. Mimi huongeza hadi wiki, mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kisha jaza chumba cha kwanza peke yake. Tone moja moja likipenya chini ya ukuta si tatizo, mchirizi ndio wa kuziba.

Mwisho, washa mfumo mzima bila samaki, ongeza maji mpaka pampu itulie, halafu izime kwa makusudi na ungoje maji yaache kupanda. Yakibakiza sentimita 3 kabla ya ukingo, washa tena na ubandike tepu kwenye kioo cha chumba cha pampu, pale maji yanaposimama. Kila unapofidia maji yaliyopungua kwa mvuke, usivuke tepu hiyo.