Kuhamisha ofisi ya dayosisi kutoka magrupu ya WhatsApp kwenda Google Workspace

Ofisi niliyoihudumia ilikuwa na magrupu kumi na moja ya WhatsApp. Lilikuwepo la wachungaji, la wakuu wa majimbo, la watumishi wa ofisi, la kamati ya ujenzi, la diakonia (huduma ya kanisa kwa wahitaji), na mengine ambayo hakuna aliyekumbuka yalianzishwa kwa ajili ya nini. Baruapepe nazo zilikuwa Gmail za watu binafsi: mhazini ana ya kwake, katibu ana ya kwake.

Siku moja mchungaji aliandika habari za mama mmoja wa usharika wake aliyetoka kupokea majibu ya hospitali. Aliwaomba wachungaji wenzake wamwombee. Kidole kikagusa grupu la jirani, na ujumbe ukaingia kwenye lile la kamati ya ujenzi, lenye mafundi na mwenye duka la vifaa ndani yake. Ulifutwa baada ya dakika ishirini. Mama yule alikuwa ameshapigiwa simu za pole na watu ambao hakuwahi kuwaambia kitu.

Tangu hapo kila hatua ya kazi hii naipima kwa swali moja: habari za muumini ziko mikononi mwa nani? Programu, yaani Google Workspace (huduma ya Google yenye baruapepe na vyumba vya mazungumzo vya ofisi), huja baadaye.

Hatua ya 1: Andikeni kila jambo linakaa wapi

Msiguse kompyuta kwanza. Keti na katibu mkuu, mhazini na msaidizi wa askofu, mkiwa na karatasi moja kubwa. Chora safu tatu: aina ya habari, nani anapaswa kuiona, na kwa sasa inakaa wapi. Jaza mstari kwa mstari: ripoti za sadaka, ratiba ya ziara za Baba Askofu, barua za uhamisho, majina ya watoto wa kipaimara, maombi ya misaada ya diakonia.

Safu ya tatu ndiyo itakayowaumiza. Kwetu barua za uhamisho zilikuwa kwenye simu ya mtumishi aliyekwisha kustaafu, na orodha ya watoto pamoja na tarehe zao za kuzaliwa ilikuwa imetumwa kwenye grupu lenye watu zaidi ya mia.

Kwa walio Tanzania, jambo hili lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini, afya ya mtu na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Daftari la waumini lina vyote vitatu. Sheria hiyo ina masharti pia ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na Google Workspace hutunza taarifa kwenye seva za nje. Mwanasheria wa dayosisi aingie mapema, na mfike Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa ajili ya usajili kabla hamjahamisha kitu.

Hatua ya 2: Ombeni kwa jina lililo kwenye cheti

Google Workspace ina toleo la bure kwa mashirika yasiyo ya faida. Hakikisheni nchi yenu imo kwenye orodha yao, msome masharti, kisha mwombe. Uhakiki unafanywa na kampuni ya Goodstack. Taasisi nyingi za dini Tanzania zimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa hiyo cheti cha Msajili wa Jumuiya ndicho cha kuskani. Jina mnaloandika kwenye fomu lilingane na cheti herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema "Dayosisi ya" na nyinyi mmeandika kifupisho mlichozoea, mtarudishwa.

Hapa dayosisi nyingi hujikwaa: zina hospitali, zina sekondari, na wangependa wote waingie kwa ombi moja. Mpango huu haupokei hospitali wala shule. Shule zina mpango wao wa elimu ambao huombwa peke yake, na hospitali itafutiwe utaratibu wake. Ombeni kwa ajili ya ofisi ya dayosisi, majimbo na sharika tu.

Hatua ya 3: Hakikisheni jina la tovuti ni mali yenu

Kwa taasisi kama hizi jina linalofaa ni lile linaloishia na .or.tz. Tatizo ni kwamba mara nyingi lilisajiliwa miaka iliyopita na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa jina lake na baruapepe yake. Kijana akihama, au mkikosana, hamna pa kuingilia. Nilipoteza wiki tatu kumtafuta mtu wa namna hiyo. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amebadilisha laini.

Mwombeni wakala mliyesajili kwake awaonyeshe jina la mmiliki na la mtu wa mawasiliano. Kama si la taasisi, peleka barua yenye mhuri na libadilishwe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Anwani ziwe za vyeo

Wachungaji huhamishwa. Ukimfungulia mchungaji anwani yenye jina lake na sharika zikaizoea, siku akihama barua za usharika zinamfuata kwenye kituo kipya. Kwa hiyo fungueni anwani za mahali na kazi: usharika fulani, mkuu wa jimbo fulani, mhazini, diakonia, katibu wa vijana. Anayekabidhiwa ofisi anakabidhiwa na anwani yake, kama anavyokabidhiwa funguo na mhuri.

Akaunti za wasimamizi wakuu wa mfumo ziwe mbili, za watu wawili tofauti, na zisitumike kwa barua za kila siku. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye zote mbili. Kila akaunti hutoa namba 10 za akiba, zenye tarakimu 8 kila moja, za kuingilia simu ikipotea. Sisi tulizichapa, tukaziweka kwenye bahasha mbili, katibu mkuu akasaini juu ya gundi, zikaingia kwenye sefu ya mhazini. Miezi minne baadaye simu ya msimamizi mmoja iliibiwa stendi. Bahasha ilifunguliwa mbele ya watu wawili, na kazi ikaendelea asubuhi ileile.

Hatua ya 5: Geuzeni njia ya barua

Chagueni Jumanne. Jumatatu ripoti za sadaka zinamiminika, Ijumaa kosa likitokea hakuna wa kumpigia. Epukeni Kwaresima, Desemba na wiki ya Mkutano Mkuu.

Siku moja kabla, ingia kwenye rekodi za jina lenu la tovuti (maelekezo yanayoonyesha tovuti na barua zenu zinakaa wapi), upunguze muda wake wa kukumbukwa, ule unaoitwa TTL, ufike sekunde 300. Siku yenyewe fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Thibitisha umiliki kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) ambayo Google wanakupa.
2. Fungua akaunti zote kabla barua hazijaanza kuja. Barua inayofika kwenye anwani ambayo haipo hurudishwa kwa aliyeituma.
3. Futa rekodi zote za zamani za MX (zinazosema barua zipelekwe seva gani), weka moja tu: smtp.google.com, kipaumbele 1.
4. Weka SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu: v=spf1 include:_spf.google.com ~all. Iwe moja. Zikiwa mbili, zote hazihesabiki. Kama tovuti yenu nayo hutuma barua, seva yake iongezwe ndani ya mstari huohuo.
5. Washa DKIM (saini ya kidijitali ya barua zenu) kwenye ukurasa wa msimamizi, kisha weka DMARC (agizo la nini kifanyike kwa barua zisizopita ukaguzi) kwa kuanza na p=none mpaka muone barua zote zinapita.

Kuna mtego mmoja uliotukamata. Tovuti yetu ilikaa kwenye seva yenye cPanel (programu ya kusimamia tovuti na barua zake), na seva hiyo iliendelea kuamini kwamba barua za dayosisi ni zake. Fomu ya mawasiliano ilipotumwa, ujumbe ulibaki kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna aliyelifungua. Ingia kwenye cPanel, sehemu ya njia za baruapepe, uiambie kuwa barua zinapokelewa kwenye seva ya mbali. Sanduku la zamani lichunguzwe kila siku kwa wiki mbili.

Hatua ya 6: Vyumba vichache vya mazungumzo

Msihamishe magrupu kumi na moja kuwa vyumba kumi na moja vya Google Chat, sehemu ya mazungumzo ya Google Workspace. Rudini kwenye karatasi ya hatua ya 1. Sisi tulibaki na vyumba vitano: matangazo ya ofisi, fedha, diakonia, majimbo, vijana. Kila kimoja kina mtu anayeamua nani aingie. Wajumbe wa nje, kama mafundi, hawaingii kabisa. Wanapigiwa simu.

Mambo ya uchungaji hayana chumba. Nilibishana na mchungaji mmoja mpendwa kuhusu hili, akasema chumba kikiwa na wachungaji watupu kuna ubaya gani. Nilimwonyesha kwenye kompyuta: msimamizi mkuu anaweza kubadilisha nywila ya mtu yeyote na kuingia kwenye akaunti yake. Yaani mimi, mtu wa kompyuta, ningeweza kusoma. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi waniite, nitakwenda mwenyewe." Hiyo ikawa kanuni ya ofisi: chumbani huandikwa "Naomba unipigie", basi.

Hatua ya 7: Semina ya nusu siku, kwa simu zao

Usifundishe kwa projekta. Kila mtu ashike simu yake, na wewe upite meza kwa meza. Nusu ya muda itakwenda kwenye simu zilizojaa picha na video hata programu mpya haiingii. Tenga saa nzima kwa hilo na usilionee haya. Waonyeshe namna ya kujua wako kwenye akaunti ya ofisi au ya binafsi kabla ya kubonyeza kutuma. Mazoezi hayo tuliyarudia mara nyingi kuliko yote, na kila mara nilimkumbuka yule mama.

Kwa ofisi za majimbo ambako intaneti ni ya kubahatisha, washa Gmail ya nje ya mtandao kwenye Chrome. Inahifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Kwa wainjilisti wenye vitochi, tengenezeni orodha ya namba na mtu mmoja wa ofisi awe anawatumia SMS kila tangazo linapotoka. Msimwache mtu nje kwa sababu ya simu yake.

Hatua ya 8: Fungeni magrupu ya zamani taratibu

Kwanza hifadhini mazungumzo yenye kumbukumbu za ofisi. WhatsApp hutoa faili la maandishi, lenye ujumbe hadi 40,000 bila picha au 10,000 pamoja na picha. Kwa grupu la miaka mingi, toeni mara mbili, kwa njia zote mbili. Kisha badilisheni mipangilio ili admin tu ndiye aandike, na kila Jumatatu aweke ujumbe uleule: matangazo sasa yako wapi, na nani wa kumpigia ukikwama. Sisi tulifanya hivyo kwa siku 60.

Siku ya mwisho msimamizi huwatoa watu wote, kisha anatoka yeye. Mkumbuke kwamba ujumbe wa zamani unabaki kwenye simu za watu. Tulimwomba kila mtumishi ayafute mazungumzo hayo mbele yetu, na ile orodha ya watoto tuliitafuta simu kwa simu.

Hatua ya 9: Barua ya uhamisho iandikwe na mtu wa mfumo akijua

Kila barua ya uhamisho au ya kustaafu inaposainiwa, nakala moja iende kwa msimamizi wa mfumo. Siku ya makabidhiano anabadilisha nywila, anaondoa simu zote zilizounganishwa na akaunti ile, na kumsajili anayeingia kwa simu yake. Kwenye fomu ya makabidhiano tuliongeza mstari mmoja chini ya funguo, mhuri na daftari la ubatizo: akaunti ya usharika. Wote wawili wanasaini hapo.